Bwawa la Wiston na Pampu ya Mgodini

Jumapili, baada ya misa, mimi hukamua ndizi. Kazi hii niliianza ujanani kwetu Kirushya, wilaya ya Ngara. Sasa naishi Biharamulo, nyumbani kwa mwanangu Wiston, lakini ndizi ni zile zile. Nazikamua kwa nyasi ndani ya hori la mti mpaka zitoe maji. Kisha nayamimina kwenye kibuyu nilichokijaza nyasi safi. Maji yanachuja, yanadondoka kwenye ndoo.

Jumapili moja Wiston alikuwa ananisaidia. Wiston ni dereva. Ana lori lake, anapeleka mizigo mpakani Rusumo. Mtu wa barabara hana subira. Alibeba sufuria, akamwaga yote kwa mara moja.

"Wewe! Polepole!" nikamwambia. "Ukimwaga hivyo nyasi zinafunguka, makapi yanapita."

"Sasa baba, tutamaliza saa ngapi?"

"Tutamaliza yakiwa safi."

Mke wake, Suzan, alikuwa anaanika nguo. Akacheka. "Mwache, baba. Huyu anadhani hata kibuyu kina akseleta."

Tulikuwa tunapaza sauti. Hatukuwa tunagombana. Pampu ya bwawa ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba, na ikinguruma watu wa nyumba hii wote huongea kama wako sokoni.

Ndiyo, nyumbani kwetu kuna bwawa la kuogelea. Najua utashangaa. Hata majirani walishangaa. Siyo nyumba ya tajiri. Bati letu lina kutu, na uani tuna mbuzi wawili. Ngoja nikueleze.

Mke wangu, Febronia, alikufa maji. Chini ya kijiji chetu kuna mto. Kiangazi unavuka kwa miguu, maji hayafiki kiunoni. Masika unajaa. Tulikuwa na daraja la magogo mawili tu. Viongozi walikuja kuliangalia. Walikuja na kamba ya kupimia, wakapima, wakapiga picha, wakala kuku wetu, wakaondoka. Wakaja wengine, wakapima tena. Wiston alikuwa bado mwanafunzi. Yeye ndiye waliyemshikisha ncha ya kamba ng'ambo ya pili. Daraja mpaka leo halijaja. Masika moja gogo lilikatika, Febronia akiwa juu yake, anatoka sokoni. Hakujua kuogelea. Kwetu nani anajua? Kila bonde lina maji, lakini hakuna mkubwa aliyewahi kuona haja ya kutufundisha.

Wiston hakulia mbele za watu. Alichimba.

Alichimba nyuma ya nyumba yake, akaweka nondo, akaweka saruji, akapaka rangi ya buluu. Alijenga kwa fedha ya safari moja moja, miaka inapita. Jirani yetu Shilinde, Msukuma mwenye lori la kubeba mchanga na udongo, alikuwa anasimama ukutani na kuuliza, "Dereva, unataka kufuga mamba?"

Wiston alijibu neno moja tu. "Keza."

Keza ni mjukuu wangu, mtoto wao wa pekee. Yuko darasa la nne. Alikuwa anajifunza kupiga miguu huku ameshika dumu tupu. Baba yake alikuwa anasimama ndani ya maji, suruali imekunjwa, anamtazama mwalimu kwenye simu, anamwelekeza mtoto. Yeye mwenyewe hajui.

*

Shida ilianza maji yalipogeuka kijani.

Kwanza tulikuwa na pampu ndogo. Umeme ulipanda na kushuka, ikaungua. Tulipokaa bila pampu, maji yakawa mazito, yana utelezi, huoni mguu wako. Hapo Wiston akafikiri kama anavyofikiri Mhangaza wa Ngara. Sisi tumekulia milimani. Tunajua maji ya aina mbili. Kuna maji ya kijito, yanayoshuka kwa kasi juu ya mawe. Hayo ni meupe, unakunywa. Kuna maji ya bonde, yaliyolala. Hayo ni ya kijani, yana vyura. Basi Wiston akasema, "Dawa yake ni kuyakimbiza."

Akaenda kwa wachimbaji wa dhahabu. Akanunua pampu ambayo ilikuwa inakausha mashimo ya mgodi. Kubwa, ina chuma kizito, tuliishusha watu wanne. Ilipowashwa, maji yalitoka kwenye bomba yakaruka mpaka ukutani.

"Umeona?" Wiston akaniambia. "Hayo sasa ni maji ya mlimani."

Mimi nilifurahi kama yeye. Nilisema hata maji yamepata mwanamume.

Lakini uniti za umeme zilikwisha kabla ya wiki kuisha. Suzan anauza vitenge sokoni, na yeye ndiye anayenunua umeme. Akaweka sheria. Pampu iwashwe kwa muda mfupi tu, mchana. Ikawa hivyo. Ikiwashwa inanguruma nyumba nzima, ikizimwa maji yanalala siku nzima. Na yakabaki ya kijani. Nilisema kwa sauti kwamba wanaouza umeme wamekaa mahali penye kivuli, hawajui sisi tunavyoishi. Nilisema hivyo kila siku. Maji hayakubadilika.

Halafu ikaja siku ya kitenge.

Keza alikuwa na kitenge cha bibi yake, Febronia. Anakipenda. Alikiloweka kwenye maji, akawa anakivuta kama samaki, amepiga magoti ukingoni. Chini ukutani, upande wenye kina, kuna tundu ambalo pampu inanyonyea maji. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika kipande. Pampu ikanyonya kitenge. Keza akakishikilia. Mtoto hakutaka kukiachia, cha bibi yake. Pampu ikavuta, na yeye akavutwa mpaka kifua kikaning'inia juu ya maji.

Aliita. Mimi nilikuwa mbele ya nyumba, sikusikia. Suzan alikuwa jikoni, hakusikia. Pampu ilikuwa inanguruma. Suzan alitoka kumwaga maji ya mchele tu, Mungu ni mwema, akamwona. Akamkamata miguu, akapiga kelele, nikakimbia nikazima umeme. Kitenge kikalegea saa ile ile.

Keza alikuwa mzima. Alikuwa analia kwa sababu kitenge kilitoboka.

Suzan hakupiga kelele tena. Alikaa chini, mtoto mapajani. Wiston aliporudi na lori alimkuta hapo hapo.

"Baba Keza," akasema taratibu. "Shimo hili lijazwe. Nimeongea na Shilinde, Jumamosi analeta udongo. Nitapanda migomba."

"Mama Keza, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka yote. Ulisema unachimba ili maji yasimchukue mtoto. Leo ni maji ya wapi yaliyotaka kumchukua?"

Wiston akaniangalia mimi. Suzan alikuwa na haki. Lakini nilijua pia, shimo likijazwa, Keza ataachwa katikati. Amejifunza kuyazoea maji, hajajifunza kuyavuka. Na kila likizo anakwenda Kirushya kwa shangazi zake, na njia ni ile ile, na daraja ni la magogo vile vile.

*

Shilinde alikuja kupima shimo, ajue ataleta lori ngapi. Akazunguka, akafika kwenye pampu. Akainama, akaipiga teke kidogo.

"We dereva! Hii si pampu ya shimoni?"

"Ndiyo."

"Mimi nimefanya kazi na hii. Ilikuwa inakausha shimo zima sisi tunakunywa chai. Umeiweka hapa inywe bwawa la mtoto?" Akatikisa kichwa. "Wahangaza nyie! Mngepewa nyundo ya kupasulia mawe mngepasulia karanga."

"Na nyie Wasukuma mngeipeleka malishoni na ng'ombe," nikamjibu. Tumezoeana.

Akacheka, kisha akawa mtu mzima. "Mama Keza, udongo wangu haunikimbii. Kuna binti mmoja, anaitwa Deodata. Ni fundi wa umeme na pampu, anatunza bwawa la hoteli kule ziwani. Wiki hii yuko hapa mjini. Mwiteni aangalie kwanza. Akisema jazeni, nitajaza."

Suzan akafikiri. "Aje. Lakini Jumamosi ni Jumamosi."

Deodata alikuja asubuhi na pikipiki, mkoba wa vifaa mgongoni. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetumwa na ofisi gani?"

"Sijatumwa na ofisi, mzee. Nimetumwa na Shilinde."

"Basi kaa. Watu wa ofisi hapa huwa wanapima tu."

Lakini na yeye alianza kwa kupima. Alitoa kamba, akapima kina, upana, urefu. Akasita. "Kaka Wiston, mabwawa mengi yana urefu wa namba nzima nzima. Hili ni mita kumi na moja na kidogo. Nani alikuchorea?"

Wiston akainama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikajibu mimi.

"Huo ni upana wa mto wetu. Walipima viongozi, yeye alishika kamba. Wao wamesahau namba. Yeye hakusahau."

Suzan aligeuka akamtazama mumewe. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa.

Deodata hakusema pole nyingi. Alisema, "Basi tulifanye vizuri."

Kwanza alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafunga swichi ile kwa utepe wa gundi ili mtu asiwashe. "Usiguse pampu wala bomba lake kabla ya kuzima hapa," akamwambia Wiston. "Umeme na maji ni ndugu wabaya." Akatafuta waya wa kwenda ardhini, ule unaopeleka umeme uliopotea usimpate mtu. Haukuwepo.

Kisha akafungua tangi la mchanga. Hapo ndipo maji ya bwawa yanapochujwa. Yanaingia juu, yanapita kwenye mchanga, uchafu unabaki, yanatoka chini yakiwa safi. Akatuita tuchungulie. Katikati ya mchanga kulikuwa na shimo, kama njia ya panya.

"Mnaona? Pampu hii ina nguvu kuliko tangi. Maji yanagonga mchanga, yanachimba njia, yanapita na uchafu wake. Mnachuja hewa tu."

"Kwa hiyo nikanunue tangi kubwa?" Wiston akauliza.

"Hapana. Kanunue pampu ya kubadili mwendo. Ipo inayokwenda mbio ukitaka, na inayokwenda taratibu ukitaka. Kwa siku za kawaida utaiweka taratibu."

Hapo mimi nikaingilia. Mimi nimeshadanganywa na watu wengi wenye vifaa. "Binti yangu, taratibu itakula umeme kidogo, hilo naelewa hata bila shule. Lakini uchafu huu kasi imeshindwa kuutoa. Upole utautoaje?"

Deodata akafungua mdomo ajibu. Suzan akamtangulia, anacheka, mara ya kwanza tangu siku ya kitenge.

"Baba! Si maneno yako haya? Kila Jumapili unamwambia nani polepole, makapi yanapita?"

Nikatazama kibuyu changu kimetundikwa ukutani. Nikatazama tangi. Nyasi na mchanga. Nikasema, "Endelea, fundi."

"Mama amemaliza," Deodata akasema. "Maji yakipita taratibu, mchanga unatulia, unakamata hata uchafu mdogo. Sasa niwaonyeshe upande wa umeme. Keza, niletee muhogo na kisu."

Keza akaleta. Deodata akaweka muhogo juu ya mfuniko wa tangi.

"Huu mzima ni umeme ambao pampu inakula kwa saa moja ikienda mbio. Sasa tunapunguza mwendo uwe nusu. Itakula kiasi gani?"

"Nusu," akasema Keza.

"Watu wote wanasema nusu." Akakata muhogo katikati, akatupa kipande pembeni. Kilichobaki akakikata tena katikati, akatupa kimoja. Akakata tena. Mkononi kikabaki kipande kidogo. "Inakula hiki. Sehemu moja ya nane. Maji yana ubishi. Ukiyasukuma kwa kasi yanakukatalia sana. Ukiyasukuma kwa upole hayakatai."

"Lakini yatakuwa machache," Suzan akasema. Mama huyu anajua biashara.

"Kweli kabisa. Kwa mwendo wa nusu, maji yanayopita ni nusu. Kwa hiyo utaiwasha kwa muda mara mbili ili yapite yale yale." Akaongeza kipande kingine kidogo pembeni ya kile cha kwanza. "Vipande viwili. Kazi ile ile, kwa robo tu ya muhogo. Nyumbani kwa mtu haiwi sawasawa kama hapa kwenye mfuniko, mabomba yanatofautiana. Lakini itakuwa karibu na hapo."

Wiston alikuwa anavitazama vile vipande. "Kumbe nimekuwa nikipanda mlima kwa gia kubwa, nimekanyaga mafuta mpaka chini."

"Na gari halina mzigo," akasema Suzan.

"Na breki hakuna," akasema Keza, na sote tukamwangalia.

Wiston akauliza bei. Deodata hakuficha. Pampu ya namna hiyo ni ghali kuliko ya kawaida. Akasema mtu asikimbilie mkopo kwa ajili yake. Umeme unaookolewa ndio unaorudisha fedha, na unarudisha kidogo kidogo. Wiston akasema atauza ile ya mgodini, wachimbaji wataigombania. Na kweli, siku ya pili walikuja kuichukua wakiimba.

"Sasa nikuulize," Suzan akamwambia Deodata. Alisimama ukingoni, pale pale. "Tundu hili. Umeme sijali, hata maji sijali. Tundu hili."

Deodata akavua viatu. Akapiga magoti karibu naye. "Hilo ndilo la kwanza, mama. Hata usingenunua pampu, hilo ningelifunga. Mwendo mdogo unanyonya kidogo, lakini usiutegemee huo peke yake. Nitaweka kifuniko kipya, kilichobinuka, chenye matundu mengi, ambacho nguo wala nywele haziwezi kukiziba chote. Nitatoboa na tundu la pili mbali na hili, yanyonye pamoja. Moja likizibwa, lingine linavuta, mtoto anaachiwa. Na kifuniko kikivunjika, pampu inazimwa na hakuna mtu anaingia. Siyo kesho. Saa hiyo hiyo."

"Na uzio?"

"Na uzio, wenye mlango unaojifunga. Na mtu mzima anayetazama. Hakuna pampu inayotazama mtoto."

Suzan akamtazama muda mrefu. "Jumamosi Shilinde anakuja. Fungeni hiyo pampu yenu. Jumamosi nikiona sakafu ya upande huu, nitafikiri. Nisipoiona, udongo unaingia."

*

Pampu mpya ilikuwa ndogo, nikaidharau. Tulishusha maji, Deodata akatoboa tundu la pili, akaweka vifuniko. Alichimbia waya wa ardhini. Aliweka kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, akasema pampu ya namna hii ina ubongo ndani, na ubongo huo unaungua upesi kwa umeme wetu. Nikasema hata ubongo wangu. Akapanga mchanga upya, tukajaza maji, akatia dawa ya klorini kwa kipimo.

"Pampu inatoa uchafu, haiui vijidudu," akasema. "Dawa mtaendelea kutia, na kupima. Kikapu cha mbele ya pampu mtoe majani kila siku. Mwendo wa mbio mtautumia mkisafisha sakafu na mkiosha mchanga, basi. Mkimaliza, rudisheni."

Halafu akatupeleka kwenye luku. Pale kwenye mita kuna taa nyekundu ndogo. Wengi hatuiangalii. Kila ikipepesa, umeme umeliwa. Akaweka pampu mwendo wa mbio: taa ikapepesa kama jicho lililoingiwa na mdudu. Akapunguza mwendo. Taa ikatulia. Ikapepesa. Ikakaa. Ikapepesa.

"Hii hata mimi naweza kuisoma," nikasema. Na kweli, tangu siku hiyo naisoma. Sihitaji mtu wa ofisi aniambie.

Lakini maji hayakuwa safi siku ya kwanza. Wala ya pili. Yalitoka kwenye kijani yakawa kama maji ya mchele. Suzan alikuwa anapita na beseni, anatazama, anaendelea na kazi. Ijumaa Wiston alishindwa kuvumilia. Nilisikia pampu imepandisha sauti. Nikatoka, nikamkuta kidole kiko kwenye kitufe.

"Baba, kesho ni Jumamosi. Haitawahi."

"Ondoa mkono."

"Ningeisukuma kidogo tu..."

"Nyasi zinafunguka," nikamwambia.

Akanitazama, mtu mzima mwenye lori, kama alivyokuwa akinitazama zamani akiwa mtoto wa shule. Akashusha mwendo. Tukakaa wote wawili kwenye matofali. Maji yalikuwa yanapita tu. Nilikumbuka Febronia alivyokuwa akichuja maji ya ndizi, alikuwa mpole kuliko mimi. Ya kwake yalikuwa safi zaidi.

Jumamosi asubuhi lori la Shilinde lilisimama getini, limejaa udongo mwekundu. Hakuzima injini. Akashuka.

"Mama Keza, nimwage?"

Suzan alikuwa na kikombe cha bati mkononi, amemaliza chai. Alikwenda ukingoni, upande wenye kina. Akakitupa kikombe ndani ya maji. Kikazama kikiyumba, tukakitazama sote, mpaka kikatua chini karibu na kifuniko kipya.

Akainama. Akaweka mkono juu ya macho.

"Naona kishikio chake," akasema.

Akaendelea kutazama, kama anatafuta kosa. "Na kifuniko nakiona. Matundu yake nayaona." Kisha akageuka. "Shilinde, udongo mwaga kule, nje ya ukuta. Migomba nitapanda huko."

"Na hela yangu ya mafuta?"

"Mwaga udongo, mzee. Juisi ya ndizi ipo."

Wiston alikuwa ameshavua shati, anataka kuingia kuchukua kikombe. Suzan akamshika mkono. "Wewe hujui kuogelea. Kiache. Atakichukua mwenye kujua."

*

Uzio ulijengwa kabla ya mtoto kuruhusiwa tena. Suzan alitaka hivyo. Uniti ambazo zilikuwa hazifiki wiki, sasa zinapita wiki, na pampu inafanya kazi karibu mchana kutwa. Deodata alikuwa anapita Biharamulo kila akitoka ziwani. Amekulia ufukweni, anaogelea kama bata. Yeye ndiye aliyemfundisha Keza, na baadaye Wiston, ambaye alikunywa maji mengi na kulaumu suruali.

Mimi nilikuwa nakaa ndani ya uzio na kibuyu changu. Mimi ndiye mtu mzima anayetazama. Kazi hiyo nimepewa na mama Keza mwenyewe.

Jumapili moja, likizo ikiwa karibu, Keza aliacha dumu ukingoni. Akaingia upande usio na kina. Deodata alikuwa ndani ya maji pembeni yake, mikono ameificha nyuma. Keza akajisukuma.

Pampu ilikuwa inafanya kazi, lakini huwezi kujua mpaka uiguse. Ndiyo maana nilisikia yote. Nilisikia mikono yake ikikata maji. Nilisikia akivuta pumzi, anashusha uso, anavuta tena. Katikati alisita kidogo, akapiga miguu bila mpango, na mimi nikasimama na nyasi mkononi. Suzan alisikia jikoni, maana alitoka mbio, unga mikononi, akakamata uzio. Hakuna aliyeita. Keza akavuta pumzi. Akaendelea.

Akagusa ukuta wa pili. Akageuka, anacheka na kukohoa, nywele zimemlowa. Kisha akazama, akakaa chini kidogo, akatoka na kikombe cha bati mkononi.

"Mama, kikombe chako!"

Wiston alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinishika bega. Mita kumi na moja na kidogo.

Kule kwetu daraja bado. Nasikia mwezi jana wamekuja wengine, na kamba mpya. Wapime. Upana wa mto ule tunaujua sisi, na katika nyumba hii yupo mtu anayeuvuka.